Mwalimu wa Jioni na Mstari Uliokataa Kujaa

Ukishuka Buzebazeba, hapa Kigoma, ukauliza nyumba ya Mwalimu wa Jioni, hata mbuzi atakuonyesha. Usiniulize alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Kila aliyevuka ziwa hili kuja upande wetu ana habari zake, na yeye za kwake alizifunga vizuri akaziweka juu ya kabati. Sisi tulimpata akiwa mtu mzima tayari: kitenge chenye maua makubwa kama sinia, miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na sauti ambayo nikikwambia ilisikika mpaka Kalemie, ng'ambo ya pili, nimeongeza kidogo tu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha sayansi jioni, sebuleni kwake, kwa watu ambao mchana wana shughuli. Mimi ni kinyozi. Hamisi aliendesha bajaji. Walikuwepo mama muuza mawese, mlinzi wa bandarini, na fundi wa injini za boti ambaye vidole vyake havijawahi kutakata tangu nimfahamu. Mwalimu alituokota sisi, watu ambao shule ilishatuaga zamani, akatupiga msasa mpaka tukafaulu kidato cha nne, halafu cha sita. Siku matokeo yangu yalipotoka nilinyoa watu bure kutwa nzima. Wengine walirudi mara ya pili wakiwa na vichwa vinavyong'aa kama balbu, wakidai nywele zimeota tena kwa furaha. Nikadhani safari imekwisha. Mwalimu akaja dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Haya. Sasa chuo kikuu."

"Mwalimu, nikienda chuo kikuu nani atanyoa huku?"

"Nani amekuambia uende? Chuo kitakuja kwenye simu."

Na kweli kilikuja. Kilikuwa chuo cha masomo ya mbali, na kozi zake za sayansi ziliwekwa mtandaoni: mihadhara iliyorekodiwa, maswali yanayojisahihisha yenyewe, na maabara ya kwenye kioo ambamo unachanganya asidi kwa kidole gumba bila kuunguza suruali. Sisi tuliliita Darasa la Kioo. Kila mwanafunzi alichorewa mstari wake juu ya ukurasa. Ukimaliza somo, mstari unajaa rangi ya kijani kidogo.

Mwalimu naye alikuwa na mstari wake. Hili hakulificha hata siku moja. Kwao Kongo alikuwa chuo kikuu akisoma kemia, na vita vilimkuta akiwa karibu kabisa na mwisho. Chuo hiki kilikubali miaka yake ya kule, kwa sharti moja: kozi iliyobaki, kemia ya joto na nishati, aimalize kabla mwaka ule wa masomo haujafungwa. Asipomaliza, miaka yote ya Kongo inafutwa, aanze upya mwaka wa kwanza pamoja na watoto. Ni hilo tu. Lakini mistari yetu ilikuwa inakwenda, na wa kwake ulifika katikati ukalala.

Mtaa mzima uliufuatilia mstari ule kama mechi ya Yanga na Simba. Akipita sokoni kununua migebuka, wauzaji hawamuulizi habari za asubuhi.

"Shikamoo Mwalimu. Mstari umefika wapi?"

"Marahaba. Unapumzika."

"Tangu Ramadhani, Mwalimu?"

"Wewe pima samaki."

Nimesema alikuwa na sauti. Alikuwa pia na adabu, na adabu yake haikubagua mtu wa kweli na mtu wa kwenye video. Mhadhiri wetu wa kioo alikuwa bwana mmoja mwenye tai, na kila muhadhara aliuanza kwa kusema, "Karibuni tena, wanafunzi." Mwalimu alitaka tuitikie. Sebule nzima, watu wazima wenye ndevu: "Ahsante, mwalimu!" Siku moja Hamisi alikuwa na mdomo umejaa karanga, hakuitikia. Mwalimu akairudisha video mwanzo.

"Mtu mzima amekusalimu, wewe unatafuna?"

"Mwalimu, huyu hanisikii."

"Mimi ninakusikia. Karibuni tena, haya!"

Baada ya kumpa heshima zake zote, alimtesa. Mhadhiri hakuwahi kumaliza sentensi mbili. Mwalimu alimbonyeza akabaki ameachama, akamwambia, "Ngoja kwanza, baba, huku kuna watu hawajafika," kisha akatugeukia na kuyamega yale maneno vipande vipande, kwa Kiswahili cha kwetu na cha kwao, na Kiha kidogo kwa ajili ya mama wa mawese. Muhadhara wa nusu saa ulituchukua wiki. Naapa kuna mmoja ulituchukua mpaka mvua za vuli zikaisha.

Maabara ya kioo nayo aliiheshimu kupita wenye nayo. Kabla ya kugusa simu, mikono inakunjwa, nywele zinafungwa, chai inatolewa nje. Ukidondosha besi kwenye asidi ya ile chupa ya picha, unadondosha taratibu, jicho halibanduki, mpaka maji yawe waridi. Fundi wa injini aliwahi kumwaga nyingi, rangi ikawa kama jezi, akabonyeza kitufe cha kuanza upya huku anacheka. Alitolewa nje ya darasa. Alikaa kibarazani mpaka alipoomba radhi, na sijui alimwomba nani, Mwalimu au simu.

Neno moja alilipiga marufuku: "nimeelewa." Ukilisema, umejifunga mwenyewe. "Ahaa, umeelewa? Simama umfundishe jirani yako." Kwa sababu hiyo darasa letu lilikuwa na watu wengi sana wasioelewa kitu, kwa kauli zao. Lakini waliosimama walijifunza kweli. Mlinzi wa bandarini alimweleza mama wa mawese kwa nini mafuta na maji havipatani, mama akamsahihisha mara tatu, wakaishia kugombana vizuri kabisa kuhusu molekuli.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na wala hakujali. Sukari aliipima kwa ncha ya kijiko, bando la mtandao aliligawa kama maji ya kunywa. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini adhana ya magharibi ikilia yeye ndiye wa kwanza kuzima video, na akimwona Hamisi anajivuta alimfukuza: "Nenda ukasali, Newton atakungoja." Alituhubiria kila jioni kwamba elimu ya chuo kikuu ni kujisomea mwenyewe, mtu na kitabu chake, mtu na kioo chake. Na yeye mwenyewe hakuweza kumwacha mtu peke yake kwa dakika moja. Ukijificha chooni na simu, atabisha mlango aulize umefika swali la ngapi.

Mwaka ule ndio wakimbizi wa Burundi walikuwa wanaingia kwa wingi. Watu walijaa ufukweni Kagunga, meli ikawa inawaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa uwanja wa mpira, halafu mabasi yanawapeleka kambini. Katika hao alikuwemo binti mmoja, Nadine, aliyeacha kozi ya ufamasia katikati kule Bujumbura. Karatasi zake zilipokaa sawa akaja kukaa kwa shangazi yake Ujiji, na shangazi akamleta kwa Mwalimu. Alisimama mlangoni akasalimu kwa Kirundi, "Amahoro," kwa sauti ndogo sana. Mwalimu akamwambia, "Ingia, mwanangu, huku watu wanasema kwa nguvu."

Siku ile somo lilikuwa msawazo, yaani pale ambapo mmenyuko unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi ileile. Hatukuelewa, kwa kauli zetu na kwa kweli pia. Mwalimu akamzima bwana wa tai.

"Chukueni uwanja wa mpira. Meli inaleta watu, mabasi yanaondoa watu. Wanaoingia ni sawa na wanaotoka. Ukisimama juu kule ukatazama, uwanja umejaa vilevile jana na leo. Utasema hapana kitu kinatokea."

Nadine akanyoosha mkono. "Mwalimu, nilikuwa ndani ya uwanja. Kulikuwa na mambo yanatokea."

Mwalimu alimtazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Ego, ndiyo, mwanangu," akasema. "Nami nilipita njia hiyo zamani. Msawazo ni huo hasa. Kwa mbali umetulia, kwa ndani ni mbio tupu. Sasa simama uwafundishe hawa."

Akawafundisha. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea swali la msawazo, na nitakapokufa watanikuta nalijua.

Basi mwaka wa masomo ukaanza kuinama kuelekea mwisho, na mstari wa Mwalimu umelala palepale. Tukamsihi apunguze vipindi vyetu ajisomee. Akasema sawa, kesho. Kesho yake akaongeza kipindi. Ndipo Nadine, yule yule wa sauti ndogo, akatukusanya dukani kwangu akatoa wazo ambalo sisi wenyeji tusingethubutu: tugome. Asiende mtu yeyote kwa Mwalimu mpaka mstari wake ujae. Haujapata kutokea mgomo wa namna hiyo duniani, wanafunzi wanagoma ili mwalimu asome.

Jioni ya kwanza akakaa sebuleni na viti vitupu. Jioni ya pili nikasikia sauti inakuja barabarani, kwa Kiswahili cha kwao. "Wako wapi? Wako wapi watu yangu?" Dukani walikuwemo wote, wamekuja kuulizana hali ya mgomo. Mlango ni mmoja. Nikafanya la kinyozi: nikawaketisha kwenye benchi, nikawafunga mashuka shingoni, nikawapaka povu la kunyolea kuanzia kidevu mpaka kwenye nyusi. Mama wa mawese nikamtia chini ya kitambaa cha kukaushia nywele. Nadine alijibana nyuma ya pazia.

Mwalimu akaingia. Akalitazama benchi la watu weupe kama mizimu.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Leo wateja wengi."

"Marahaba. Naona. Wanafunzi wangu hujawaona?"

"Hata mmoja."

Akaketi. Akakunja mikono. Akasema polepole, kama anaongea na dari, "Bahati mbaya. Nilitaka kuwaambia kwamba maji safi yana pH ya tatu."

Povu likaanza kutikisika.

"Na kwamba ukipasha gesi moto," akaendelea, "inasinyaa."

Benchi likalia kama ng'ombe aliyekanyagwa. "Saba, Mwalimu!" Hamisi alilipuka, povu likaruka hadi kwenye kioo. "Inatanuka! Inatanuka!" fundi wa injini akapiga kelele amesimama na shuka lake. Hata wateja wawili wa kweli, watu wa mtaa wa Mwanga waliokuja kunyolewa tu, waliitikia saba.

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Tulicheka wote, duka likawa povu tupu. Halafu Nadine akatoka nyuma ya pazia, na hakuwa anacheka.

"Mwalimu, unayajua yote. Kwa nini husomi yako?"

Mwalimu akajifuta macho. Nadhani kama angeulizwa na mmoja wetu angejibu kwa mzaha. Kwa Nadine hakuweza.

"Siku ile kule kwetu," akasema, "nilikuwa najisomea. Kozi hii hii ya joto na nishati. Nimefunga mlango, nimefunga dirisha, mtihani ulikuwa karibu. Nilisoma vizuri sana, mwanangu. Sikusikia kitu. Nilipofungua mlango, mtaa mzima ulikuwa umeshaondoka. Sufuria ziko kwenye moto, watu hakuna. Nilikimbia peke yangu mpaka ziwani. Tangu hapo nikiwa peke yangu na kitabu, pakiwa kimya, nasoma mstari mmoja, nakwenda kufungua mlango. Nasoma mwingine, nakwenda kufungua mlango. Kozi haiishi hivyo."

Povu lilikuwa linatukaukia usoni.

Hamisi ndiye aliyepata dawa, na aliipata utotoni kwake Ujiji. "Mwalimu, sisi chuoni kwa maalimu tulikuwa tunasoma kila mtu juzuu yake, kila mtu aya yake, wote kwa sauti wakati mmoja. Hakuna anayemsikiliza mwenzake. Lakini ukinyamaza tu, fimbo."

"Hiyo ni kelele," Mwalimu akasema.

"Ni kelele. Na kila mtu anasoma peke yake."

Tukaanza siku ileile. Sebule ya mama Mkatoliki ikageuka madrasa ya sayansi. Kila mtu na simu yake, kila mtu na somo lake, tunasoma kwa sauti, tunayumba mbele na nyuma. Fundi anaimba sumaku, mama wa mawese anaimba mafuta, mimi naimba seli, na katikati yetu Mwalimu anaimba joto na nishati kwa Kifaransa na Kiswahili, jicho kwenye kioo, hafungui mlango. Wapita njia walisimama kusikiliza, wengine walivua viatu. Mstari ukaamka. Ukatambaa. Sokoni wakaanza kumpa migebuka ya nyongeza kila rangi ilipoongezeka.

Ukabaki mtihani wa mwisho, na hapo ndipo tulipokwama. Sheria ya chuo ilikuwa kali na ya haki: mtahiniwa akae peke yake chumbani mbele ya kamera, mlango umefungwa, na sauti ya mtu mwingine isisikike, maana huenda anamnong'oneza majibu. Kelele yetu yote haikuruhusiwa. Kingekuwa chumba, mlango na kimya.

Mwalimu akasema atajaribu. Alisema hivyo anatazama mlango.

Jirani yake alikuwa Mama Asha, mwanamke ambaye mdomo wake ulifungwa mara ya mwisho alipokuwa anavishwa pete. Akauliza, "Sauti ya mtu imekatazwa. Sauti ya kinu je?" Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kuliko hakimu, akawaandikia chuo kuuliza. Wakamjibu kwamba kelele za mtaani si tatizo, ilimradi asisikike mtu anayesema.

Asubuhi ya mtihani akina mama walileta vinu vyao chini ya dirisha. Sombe, kisamvu cha huku kwetu, ilirundikwa kama kichuguu. Mwalimu akaingia, akafunga mlango, na vinu vikaanza: du, du, du. Hakuna kusema. Nakwambia, mtihani mgumu siku ile haukuwa wa Mwalimu. Mama Asha alitwanga macho yamemtoka, shavu limevimba kwa maneno. Alipokanyagwa mguu alimtukana mwenzake kwa mikono yote miwili, tusi refu lenye aya na vituo, bila kutoa hata pumzi. Mchi mmoja ukichoka unapokewa na mwingine. Hamisi alitwanga, mimi nilitwanga, muuza magazeti aliyekuwa anapita naye alipewa mchi. Saa zikakatika. Sombe ikawa unga, unga ukawa moshi. Mtaa ulikula sombe mpaka kuku wakawa kijani. Na muda wote ule mlango haukufunguliwa.

Ulipofunguliwa, Mwalimu alisimama kizingitini, laptopu ya kuazima mkononi, kitenge kimelowa jasho. Hatukuthubutu kuuliza, hatukujua kama kamera bado inasikia. Michi ikasimama hewani. Mama Asha alikuwa anatetemeka.

Akaigeuza laptopu kutuelekea. Kijani, mwanzo mpaka mwisho.

"Semeni sasa," akasema.

Jamani! Vigelegele vilivyotoka pale, wavuvi waliokuwa ziwani walidhani meli imezinduliwa. Mama Asha alisema bila kupumua mpaka saa ya magharibi. Nadine alicheka kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu tumfahamu, kisha akauliza kama yule bwana wa tai naye amepewa habari.

Miaka imepita. Nadine alimaliza ufamasia wake kwa njia ya kioo, na sasa anatoa dawa. Mimi nina shahada, nafundisha biolojia siku za wiki na kunyoa Jumamosi, na wanafunzi wangu wananiogopa zaidi nikiwa na mashine. Mwalimu alipata kazi kwenye maabara moja ya kupima maji, jengo dogo karibu na ziwa, na jioni bado anafundisha. Majuzi nilikwenda kumpelekea salamu za Hamisi.

Ilikuwa mchana, watu wamekwenda kula. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Alikuwa peke yake, ameinamia simu, kidole kinapanda na kushuka. Alisoma ukurasa, akasoma mwingine. Mdomo wake haukucheza. Palikuwa kimya kabisa, kimya kile cha kusikia friji.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kubisha. Nikaushusha. Nikakaa kwenye ngazi za nje, nikakaa sana, hata mlinzi wa jengo akaniletea kigoda akidhani ninaumwa.

Alipotoka alinikanyaga kidogo.

"Weye! Umekuja saa ngapi?"

"Shikamoo Mwalimu. Zamani."

"Marahaba. Sasa mbona hukubisha?"

"Ulikuwa unasoma."

"Shahada ya pili hiyo, imenikalia shingoni." Akavua miwani, akanitazama mimi, akautazama mlango nyuma yake. "Umekaa hapa muda wote huo? Na mlinzi amepita na kigoda?"

"Amekiburuta, Mwalimu. Kimepiga kelele."

"Sikusikia kitu," akasema.

Kisha akalirudia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, "Sikusikia kitu." Halafu akanishika bega akalisema mara ya tatu kwa ile sauti yake ya kufika Kalemie, "Kinyozi, mimi sikusikia kitu!" na akacheka, akacheka, mpaka madirisha ya jengo zima yakaanza kufunguliwa na watu kutoa vichwa kuuliza kuna nini.